Mwalimu Aliyejihoji: Juu ya Kitabu cha Ghazali

Kila mtu huanza maisha yake kwa kuamini. Mtoto huambiwa kuwa moto huunguza, kuwa wakubwa huamkiwa kwanza, na kuwa Mungu huabudiwa kwa namna hii wala si kwa namna ile. Naye huyapokea yote matatu kwa mkono mmoja. Kama angengoja mpaka kila neno alithibitishe kwa akili yake mwenyewe, asingekua. Kwa hivi kuyaamini maneno ya wazazi na walimu si aibu. Ni kipago cha kwanza katika ngazi ya elimu, na hapana mtu aliyepanda juu bila ya kukikanyaga.

Lakini iko siku mtoto hukutana na mwenziwe wa nyumba ya pili. Huyo naye ameambiwa mambo, na baadhi yake ni kinyume cha yale aliyoambiwa wa kwanza. Wala hayaamini kwa unyonge, bali kwa nguvu ile ile. Hapo huzaliwa swali zito: Ningalizaliwa mimi katika nyumba yake, na yeye katika nyumba yangu, je, tusingalibadilishana imani kama watoto wabadilishanavyo nguo? Na kama ni hivyo, imani yangu ni yangu kwa haki gani?

Swali hili lilimpata kijana mmoja wa mji wa Tus katika nchi ya Khurasan, ambako leo ni upande wa kaskazini mashariki wa Iran. Jina lake lilikuwa Abu Hamid Muhammad al-Ghazali. Alizaliwa karibu na mwaka 1058, akafa mwaka 1111. Alipokwisha kupita umri wa miaka hamsini aliandika kitabu kidogo kumjibu ndugu katika dini aliyemwuliza habari ya safari yake ya kutafuta kweli. Kitabu hicho huitwa kwa Kiarabu al-Munqidh min al-Dalal, yaani Mwokozi Atoaye Upotevuni. Ghazali alikuwa mtu wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani yetu, na kwa hivi jina lake si geni katika vyuo vya Lamu na Mombasa. Hata hivyo, msomaji asiye Mwislamu asidhani kuwa kitabu hiki si chake. Swali la mtoto wa nyumba ya pili ni la kila mtu.

Wako watu wakisifuo kitabu hiki kuwa ni cha mtu aliyeishinda falsafa, na wako wakilaumuo kuwa ni cha mtu aliyeisaliti akili. Naona pande zote mbili zimesoma nusu. Mamlaka magumu kuliko yote aliyoyahoji Ghazali hayakuwa ya wazazi, wala ya wanafalsafa, wala ya imamu yeyote. Yalikuwa mamlaka yake mwenyewe. Kitabu hung'aa pale anapojihoji, na hufifia pale anapoacha. Hayo ndiyo nitakayojaribu kuyaonyesha.

Ghazali huita kufuata bila ya hoja kwa jina la taklidi. Neno hili huenda likawa geni kwa wengi, lakini majirani zake tunayo: akili, imani, shaka, yakini, hoja na hukumu ni maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu. Basi mwanafunzi anayesema Kiswahili anavyo vyombo vya mjadala huu mdomoni mwake kabla hajafungua kitabu. Asema Ghazali kuwa tangu ujana wake aliona watoto wa Wakristo hukua kuwa Wakristo, wa Wayahudi hukua kuwa Wayahudi, na wa Waislamu hukua kuwa Waislamu. Hakusema kuwa wote wamekosea, wala kuwa wote wamepata. Alisema tu kuwa urithi peke yake si dalili ya kweli. Taklidi huifananisha na kioo: kikiisha kuvunjika hakiungwi kwa gundi, bali sharti kiyeyushwe motoni na kufanywa upya. Mwenye kuanza kuuliza hawezi kujirudisha kwa nguvu katika utoto wake.

Basi alitaka kujua kwanza yakini ni kitu gani, na mfano alioutoa ni mzuri kwa kuwa hata mtoto aweza kuushika. Mtu akinijia, asema, akadai kuwa tatu ni nyingi kuliko kumi, na kwa kuthibitisha neno lake akageuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yangu, nitastaajabu jinsi alivyoweza kuigeuza. Lakini juu ya tatu na kumi sitatia shaka hata kidogo. Yatazame maneno haya kwa makini. Aliyeyaandika ni mtu aaminiye miujiza ya mitume kwa moyo wake wote. Hata hivyo asema kuwa ajabu si hoja. Cheo, uwezo na vitisho haviwezi kuibadili hesabu. Huo ndio mpaka wa kwanza aliouweka mbele ya kila mwenye mamlaka.

Kwa kipimo hicho akaanza kupima. Aliyapima macho, akaona kuwa hudanganya: kivuli huonekana kimesimama, kumbe kinakwenda, nyota huonekana ndogo kama dinari, nayo elimu ya hesabu huonyesha kuwa yaweza kuipita dunia kwa ukubwa. Akili ndiyo iliyoyahukumu macho. Lakini hapo macho yakamjibu kama washitakiwa wenye werevu: Ulituamini mpaka alipokuja hakimu wa akili akatukadhibisha, wajuaje kuwa nyuma ya akili hapana hakimu mwingine ambaye akitokea ataikadhibisha akili? Huoni kuwa katika ndoto waamini mambo kwa uthabiti, na uamkapo wajua kuwa hayakuwa kitu? Ghazali hakuwa na jibu. Asema alikaa karibu miezi miwili katika ugonjwa huo wa shaka, na kwamba hakuponywa kwa hoja iliyopangwa vizuri, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Hapa wasomaji hugawanyika. Mmoja husema kuwa Ghazali ameikimbia akili wakati ilipomhitaji. Mimi siafiki. Fikiri wewe mwenyewe: utathibitishaje kuwa kumi huzidi tatu? Kila hoja utakayoleta itakuwa na uhakika mdogo kuliko jambo lenyewe. Mjenzi huweka matofali juu ya msingi, lakini msingi hauwekwi juu ya matofali. Ghazali aliona kuwa akili nayo husimama juu ya mambo isiyoyathibitisha, akakiri hivyo waziwazi. Kukiri mpaka wa chombo si kukitupa chombo. Baada ya nuru ile aliendelea kuitumia akili yake kwa ukali kuliko zamani. Lakini mwenye lawama ana neno moja la haki. Nuru ya Ghazali ilikuwa kifuani mwa Ghazali. Msomaji hawezi kuiazima. Akisema, "Naamini kwa kuwa Ghazali alipata nuru," amerudi katika taklidi kwa mlango wa nyuma, na kioo alichokiunga ni cha mtu mwingine.

Akiisha kupona, Ghazali alichunguza makundi manne ya watu waliodai kuijua kweli: wanazuoni wa elimu ya tauhidi, wanafalsafa, Batini na masufii. Sheria aliyojiwekea ni ya kuigwa na kila mhakiki. Alisema kuwa mtu hawezi kuonyesha ubovu wa elimu mpaka awe sawa na aliye hodari kabisa katika elimu hiyo, kisha ampite. Alipotaka kuwapinga wanafalsafa, hasa Farabi na Ibn Sina, alivisoma vitabu vyao peke yake bila ya mwalimu, katika saa alizoziiba kutoka kazi ya kufundisha, kwa muda usiotimia miaka miwili; kisha akatafakari karibu mwaka mmoja zaidi. Mwaka 1095 alimaliza kitabu chake mashuhuri, Tahafut al-Falasifa, ambacho huwapinga katika masuala ishirini. Katika matatu kati ya hayo aliwahukumu kuwa wametoka katika Uislamu: kusema kuwa ulimwengu hauna mwanzo, kusema kuwa Mungu hajui mambo madogo moja moja ila kwa ujumla wake, na kukana kufufuka kwa miili.

Lakini katika Munqidh anataja makosa mawili yatokanayo na elimu ya hesabu, na naona ukurasa huo una thamani kuliko ushindi wote wa Tahafut. Kosa la kwanza ni la kijana anayeona jinsi hesabu ilivyo sahihi, akadhani kuwa watu wake ni sahihi katika kila neno walisemalo, hata katika mambo ya dini. Kosa la pili ni la rafiki mjinga wa dini, ambaye hudhani kuwa ataitetea kwa kukana kila elimu ya wanafalsafa, hata maelezo yao juu ya kupatwa kwa jua na mwezi. Mwenye kujua hesabu akimsikia hataitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini iliyopata mtetezi wa namna hiyo. Tazama jinsi watu hawa wawili wanavyofanana, ijapokuwa kila mmoja humcheka mwenziwe. Yule huamini kwa kuwa aliyesema ni mwerevu. Huyu hukataa kwa kuwa aliyesema si mwenzake. Wote wawili wamemtazama msemaji, hakuna aliyelitazama neno. Taklidi basi si ugonjwa wa wazee na wasiosoma tu. Msomi naye anao, nao humwingia zaidi kwa kuwa hudhani amepona.

Kundi la Batini lilimletea hoja nyingine. Wao walisema kuwa akili za watu hugongana, na kwa hivi sharti awepo mwalimu asiyekosea, imamu wa zama, ambaye watu wapokee kweli kutoka kwake. Wakati huo jambo hili halikuwa la vitabuni tu. Mwaka 1090 Hasan-i Sabbah alikuwa ameitwaa ngome ya Alamut, na mwaka 1092 waziri Nizam al-Mulk, aliyempa Ghazali cheo chake, aliuawa. Khalifa wa Baghdad alimwamuru Ghazali aandike kuwapinga. Yatupasa kulikumbuka hilo tusomapo: kalamu iliyoamriwa na mfalme haiko huru kama ile iliyoamriwa na swali. Wafuasi wa Ismailia wana maelezo yao wenyewe, wala si haki kuwahukumu kwa maneno ya mpinzani wao peke yake.

Hata hivyo, Ghazali alifanya jambo moja la muungwana. Aliieleza hoja yao kwa nguvu na utaratibu hata rafiki mmoja wa upande wake akamlaumu kuwa amewasaidia maadui, kwa kuwa wao wenyewe wasingaliweza kuipanga vizuri namna hiyo. Akajibu kuwa hoja ikiisha kuenea haina budi kujibiwa, nayo haijibiki kabla ya kuelezwa. Jibu lake lenyewe alilitia katika mfano wa kibla. Msafiri aliye nyikani asiyejua kibla kiko upande gani, afanye nini? Akisafiri kwenda kumwuliza imamu, wakati wa sala utapita. Hana budi kutumia bidii ya akili yake na kusali, hata kama huenda akakosea. Sisi wa Mombasa twajua kuwa Makka iko kaskazini yetu, kwa hivi hatupati taabu hiyo. Lakini katika mambo mengi ya maisha sote tu wasafiri wa nyikani. Swali hungoja jibu leo, na mwalimu yuko mbali. Tena hoja ya kuidharau akili ina ufa ndani yake, kwa kuwa atakaye kunithibitishia kuwa akili yangu haifai sharti aizungumze akili hiyo hiyo.

Sasa twafika kwenye kiini cha kitabu. Mwaka 1091 Ghazali alifanywa mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya katika Baghdad. Alikuwa na wanafunzi mia tatu. Mawaziri walimsikiliza, na wapinzani walimwogopa. Kwa neno moja, yeye mwenyewe alikuwa ndiye mamlaka. Na mwaka ule ule wa 1095 alioimaliza Tahafut, alianza kujiuliza kwa nini afundisha. Jibu alilolipata lilimtisha: nia yake haikuwa Mungu, bali jina na cheo. Kwa miezi sita alivutwa huku na huku; asubuhi aliazimia kuondoka, na jioni alivunja azimio lake. Mwishowe ulimi wake ukafungika. Alitamani kufundisha walau siku moja kwa ajili ya wale waliomjia, na neno halikutoka. Hakuweza kula. Waganga walikata tamaa, wakasema kuwa ugonjwa umetoka moyoni. Hapo aligawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto wake, akatoka Baghdad kwa kisingizio cha kwenda kuhiji, akaenda Damascus na Jerusalem, kisha Makka na Madina. Muda wa miaka kumi na zaidi ulipita kabla hajarudi tena kufundisha chuoni.

Zingatia utaratibu wa mambo haya. Hapana aliyemshinda Ghazali katika mjadala. Hapana hoja mpya iliyozuka. Mtu aliyevipima vitabu vya wengine vyote alikipima kiti alichokalia, akakiona hakina yakini. Ni rahisi kumwuliza mwalimu, "Wajuaje?" Ni vigumu kwa mwalimu kujiuliza mwenyewe, "Nasema haya kwa ajili ya nani?" Kwa ukurasa huu mmoja namsamehe mengi.

Mengi hayo hayana budi kutajwa. Ghazali huyo huyo, aliyeokoka kwa kusoma kila kitabu, anashauri kuwa watu wengi wazuiwe vitabu vya wanafalsafa, kama asiyejua kuogelea azuiwavyo kingo za mto zenye utelezi. Huruma yake yaonekana. Lakini atajuaje kuogelea asiyeruhusiwa kuyagusa maji? Tena, aliporudi kufundisha mwaka 1106 katika Nishapur, alijieleza kwa ndoto za watu wema na kwa hadithi isemayo kuwa Mungu huleta mtu wa kuihuisha dini mwanzoni mwa kila karne. Nayo karne ya sita ya Hijra ilikuwa mlangoni. Huenda aliyasema kwa unyofu. Lakini swali lake mwenyewe la mwaka 1095, lile la nia na cheo, hakuliuliza tena kwa sauti kubwa namna ile. Tatu hazizidi kumi kwa ajili ya fimbo iliyogeuka nyoka, wala hazizidi kwa ajili ya ndoto.

Aliyemjibu kwa nguvu zaidi alizaliwa baada ya kifo chake, katika mji wa Cordoba, nchi ya Andalusi. Ibn Rushd aliishi tangu mwaka 1126 mpaka 1198, akawa kadhi na tabibu. Aliandika Tahafut al-Tahafut kuipinga Tahafut ya Ghazali neno kwa neno. Katika kitabu kingine, Fasl al-Maqal, alisema kuwa sheria yenyewe huwaamuru wenye uwezo kuutazama ulimwengu kwa akili, na kuwa kumnyima falsafa aiwezaye, kwa sababu baadhi ya watu walipotea kwayo, ni kama kumnyima maji mwenye kiu mpaka afe kwa sababu mtu mmoja alipaliwa na maji. Mfano huu wa maji waujibu vizuri ule wa mto. Lakini tusimfanye Ibn Rushd kuwa mtu wa zama zetu. Yeye naye aliona kuwa tafsiri za ndani hazifai kutangazwa kwa kila mtu. Ugomvi wao haukuwa kati ya imani na akili, maana kila mmoja alikuwa na zote mbili. Ulikuwa juu ya nani apewe ruhusa ya kuuliza, na mpaka wapi.

Wakati wanazuoni walipokuwa wakijadiliana kwa kalamu, wenye nguvu walijadiliana kwa moto. Mwaka 1109, Ghazali akiwa hai bado, kitabu chake kikubwa cha dini, Ihya, kilichomwa katika Cordoba kwa amri ya watawala. Mwaka 1195 katika nchi hiyo hiyo ilikuwa zamu ya Ibn Rushd: alihamishwa kwao akiwa mzee, na vitabu vyake vya falsafa vikatiwa motoni. Mtetezi wa dini na mtetezi wa falsafa walipata hukumu moja. Mamlaka yasiyokubali kujihoji hayachagui sana adui. Yeyote afikiriye huwatosha.

Basi kijana akisomeje kitabu hiki? Si kwa kumwamini Ghazali kwa kuwa ni Ghazali, wala kwa kumkataa kwa kuwa Ibn Rushd amemjibu. Yote mawili yamekwisha kukatazwa na kitabu chenyewe. Asome kama msafiri wa nyikani: aulize walio karibu, awaheshimu waliotangulia njia, kisha atumie bidii yake mwenyewe, na asali kwa wakati. Wala asisahau kuwa iko siku yeye naye atakuwa mzazi, au mwalimu, au hakimu, na watoto watayapokea maneno yake kwa mkono ule ule waliopokelea habari ya moto. Siku hiyo ndipo atakapolihitaji swali lile lililomfunga Ghazali ulimi.